Mwaka Mzima Bila Shikamoo

Kufika saa tatu asubuhi Mwanjelwa yote ilishajua. Muuza nyanya alijua, fundi simu alijua, hata yule mama wa vitumbua anayejifanya hapendi umbea alijua: Paskalina wa Iringa kaja Mbeya kumpokea besti wake kutoka Slovenia. Na walijua kwa sababu Paskalina mwenyewe aliwaambia, walioulizia na wasioulizia.

"We mwanamke, tulia basi," Nusrat alimwambia huku akitundika madera mbele ya duka lao. "Ndege inatua saa nane. Utamaliza maneno yote hapa, mgeni akifika huna hata la kumwambia."

"Mimi na Marjeta tuishiwe maneno? Hiyo haijawahi kutokea!"

Nusrat aliguna. Hawa wawili walilala chumba kimoja miaka yote miwili ya chuo kule Iringa, kwa hiyo Nusrat alikuwa na haki ya kuguna. Walipomaliza diploma, yeye alirudi Mbeya kusimamia duka la familia, na Paskalina alibaki nyumbani kwao Kihesa, hapo hapo Iringa, na cheti chake cha maendeleo ya jamii, akisubiri ajira. Na katika kusubiri huko ndo akakutana na app ya Bahasha.

Bahasha bwana haina kelele. Haina video wala sauti, na picha huweki. Unachagua kikatuni cha kukuwakilisha, unaandika barua, unaituma kwa mtu usiyemjua popote duniani. Halafu barua yenyewe haifiki hapo hapo. Inasafiri! Mtu akiwa mbali inachelewa, akiwa karibu inawahi. Kutoka Slovenia mpaka Kihesa ilikuwa inachukua karibu siku nzima, na siku hiyo nzima Paskalina alikuwa anachungulia simu kama mtu aliyebandika maharage.

Alishaandikiana na mwalimu wa Peru, na kijana mmoja wa Indonesia aliyekuwa anafuga kasuku. Hao walikuja wakapita. Marjeta alibaki. Kikatuni chake kilikuwa msichana wa nywele nyekundu, na barua zake zilichekesha mpaka Paskalina akawa anazisomea chooni ili mama yake asimuulize anacheka nini. Walianza kwa Kiingereza, Marjeta akaomba afundishwe Kiswahili, Paskalina akamfundisha. Mwaka mmoja na miezi miwili sasa. Hakuna kitu Marjeta asichokijua. Somo alilofeli mwaka wa kwanza analijua. Habari za mpenzi wake Adrian anazijua, na busu la nyuma ya maktaba analijua, tena kwa urefu na mapana. Kuna mambo hata Nusrat hayajui.

"Sura yake umeshaiona?" Nusrat aliuliza.

"Nimeona katuni."

"Sauti je?"

"Nimekwambia ni barua tu."

"Kwa hiyo umepanda basi kutoka Iringa mpaka hapa kumfuata katuni." Nusrat alifunga droo ya duka, akachukua ushungi wake. "Twende wote. Akiwa jambazi, angalau mmoja wetu ana akili."

Uwanja wa ndege wa Songwe, Paskalina alisimama mbele ya watu wote na bango alilolichora mwenyewe: msichana wa nywele nyekundu, chini yake maandishi makubwa, KARIBU BESTI. Abiria wakaanza kutoka. Wakatoka wafanyabiashara na mabegi yao ya magurudumu. Akatoka dada mmoja mzungu, kijana, nywele za kahawia, Paskalina akaruka na bango lake, dada yule akampita akaenda kukumbatiana na mwanaume mmoja mwenye ndevu. Wakatoka masista wawili.

Wa mwisho alikuwa bibi. Mweupe, mrefu, mvi tupu kichwani zimekatwa fupi kama za mwanafunzi, begi mgongoni, raba za kijani kali miguuni. Alisimama, akalitazama bango, akatabasamu mpaka macho yakapotea.

"Oya!" alipiga kelele, na uwanja mzima ukageuka. "Paskalina! Niaje mwanangu!"

Jamani. Mtoto aliyelelewa Kihesa, tena na mama mwalimu, magoti yake hayangoji ruhusa ya kichwa. Yalishuka yenyewe. Bango likaanguka.

"Shikamoo," Paskalina alisema, kwa sauti ndogo kama ya kuku aliyenyeshewa.

Marjeta alifikiri. Neno hilo alikuwa hajawahi kulisikia hata siku moja. Angelisikia wapi? Aliyemfundisha Kiswahili chote ni Paskalina, na nani anamwamkia besti wake?

"Poa!" akajibu kwa nguvu zote. "Poa kichizi kama ndizi!"

Askari wa pale mlangoni aligeukia ukuta, mabega yakawa yanaruka. Nusrat yeye hakujificha. Alikamata nguzo akacheka mpaka machozi.

"Lakini katuni..." Paskalina alisema akiinuka. "Nywele nyekundu..."

"Katuni ya mvi hakuna," Marjeta alisema, na kwa kweli hakukuwa na uongo hapo. Alitafuta, hakuipata, akachukua rangi aliyokuwa nayo zamani. Hakuna siku aliyosema yeye ni msichana. Hakuna siku aliyoulizwa.

Wakiwa kwenye gari la kwenda mjini Nusrat ndo aliyekuwa anahoji, maana Paskalina alikuwa kapigwa na bumbuwazi. Na majibu yakawa yanashuka moja moja. Ile barua aliyosema kaacha kazi? Kastaafu, miaka thelathini na nane alikuwa mpeleka barua wa posta, anazungusha barua kwa pikipiki milimani. Na Paskalina alimjibu asikate tamaa, Mungu atafungua mlango mwingine, na akamtengenezea CV. Lile goti lililokuwa linamsumbua? Uzee. Paskalina alimwambia apunguze kucheza mpira.

"Na Bruno?" Nusrat aliuliza, kwa sababu habari za Bruno alishahadithiwa. Bruno alikuwa anaishi na Marjeta, halafu hafanyi kazi, analala mchana kutwa, anaamshwa kula. Paskalina aliandika barua nne nzima za kumshauri besti wake aachane na mwanaume wa namna hiyo. "Bruno umemwacha na nani?"

"Jirani. Anafungua kopo la chakula chake."

"Kopo?"

"Bruno ni mbwa," alisema Marjeta. "Mzee sana. Nilimsomea barua zako, Paskalina. Alilala."

Nusrat alicheka tena upya, na Marjeta naye, mikono juu ya magoti. Paskalina alitabasamu kwa adabu akaangalia dirishani. Kichwani mwake zilikuwa zinapita barua zake zote, mstari kwa mstari. Aliwahi kumwandikia mtu huyu "acha uzembe wewe mtoto". Aliwahi kumwandikia "mjinga kweli wewe, nakupenda". Na busu la nyuma ya maktaba! Ni sawa na kumhadithia mwalimu mkuu, tena siku ya mkutano wa wazazi.

Walilala kwa kina Nusrat, na asubuhi wakapanda basi la Iringa. Safari nzima Paskalina alikaa kama yuko kanisani, mikono mapajani.

"Hapa wapi?" Marjeta aliuliza.

"Ni Igawa, bibi."

"Bibi? Mimi Marjeta."

"Ndiyo, bibi."

Baada ya Makambako Marjeta hakuuliza tena. Aliangalia misitu ya misonobari ikipita, na Paskalina akaangalia kiti cha mbele.

Mama yake Paskalina anaitwa Mwalimu Veneranda. Anafundisha darasa la tatu, na kwenye darasa lake mtoto asiyeamkia anarudi mlangoni aingie upya, hata mara kumi. Alikuwa kaandaa godoro la mgeni kwenye sakafu ya chumba cha binti yake, maana wasichana wanapenda kulala wanapiga soga. Alipomwona Marjeta anashuka kwenye bajaji na mvi zake, alisema "Karibu sana, karibu mama," akaingia ndani mbio, akang'oa shuka za kitanda chake mwenyewe akatandika mpya. Kisha akamvuta Paskalina jikoni kwa kiwiko.

"Ulisema msichana!"

"Mama, sikujua."

"Na muda wote huo ulikuwa unamwamkia?"

Paskalina akaangalia sufuria.

"Paskalina! Mwaka mzima mtu mzima hujamwamkia?"

"Na miezi miwili."

Mwalimu Veneranda alikaa juu ya ndoo. Alipopata pumzi, sheria zikatoka. Asimwite jina lake kavu. Asikae mgeni akiwa amesimama. Asicheke mdomo wazi. Na juu ya yote asimchoshe na stori zake, mtu wa umri ule kasafiri, anahitaji utulivu.

Basi akapewa utulivu. Siku tatu Marjeta alikaa kwenye kochi lenye vitambaa vya kufuma, soda juu ya stuli mbele yake, majirani wakipishana kuja kumsalimia. Paskalina alimnawisha mikono akiwa amepiga magoti, jagi mkono mmoja, beseni mkono mwingine, macho chini. Asubuhi shikamoo, mchana chakula tayari bibi, jioni maji ya kuoga tayari bibi. Kila mtu Kihesa alimsifia Mwalimu Veneranda kwa kulea.

Marjeta alijaribu. Siku ya pili, mezani, wali umepakuliwa, mama wa Paskalina yuko pale pale, aliinama kidogo akauliza kwa furaha, "Sasa, Adrian amerudi?"

Kijiko cha Mwalimu kilisimama hewani. "Adrian nani?"

"Ni... mkufunzi, mama," Paskalina alisema. "Wa chuo. Alisafiri."

Marjeta aliangalia mama, akaangalia binti, akaelewa. Alirudi kwenye wali wake, na baada ya hapo hakuuliza kitu chochote isipokuwa chumvi.

Alhamisi mchana Paskalina alikuwa uani anaosha vyombo, mkono mpaka kiwiko ni povu, simu ikalia mfukoni. Mlio wa Bahasha. Alijifuta kwenye kanga, akafungua. Barua kutoka kwa Marjeta, na umbali wake, badala ya maelfu ya kilomita, Bahasha yenyewe ilishangaa ikaandika sifuri. Imefika palepale ilipotumwa. Ilitoka sebuleni.

*Paskalina, oya,* iliandikwa, nusu Kiingereza nusu Kiswahili chao kile cha siku zote. *Nimekuja mbali kumwona rafiki yangu. Naona msichana mzuri anapiga magoti. Hanitukani, hacheki, hasemi habari. Simjui. Je, Paskalina amekwenda wapi? Kwetu mimi ni mzee kwa watu wote. Wananisaidia kuvuka barabara hata kama sitaki kuvuka. Kwako tu sikuwa mzee. Sasa nimekuwa mzee na hapa. Si kosa lako, mama yako ni mwema sana. Lakini Jumamosi nitaondoka, nitabadilisha tiketi. Tutaandikiana tena, labda hivyo ni bora.*

Alitakiwa kukaa wiki mbili.

Paskalina alikaa chini pale pale kwenye karo, machozi yakashukia kwenye maji ya vyombo. Alianza kujibu. *Mpendwa Bibi Marjeta.* Akafuta, ilikuwa kama barua ya kuomba kazi. *Besti.* Akafuta haraka, akaangalia nyuma kama mama kamwona. Kila neno alilokuwa nalo la Marjeta lilikuwa tusi kwa mtu mzima, na kila neno alilokuwa nalo la mtu mzima lilikuwa linamfukuza Marjeta. Alibaki na ukurasa mtupu. Alikuwa anampoteza besti wake, na besti mwenyewe yuko hatua kumi, nyuma ya pazia, anakunywa soda asiyoitaka.

Ijumaa wakaenda Igowole. Hiyo ilishapangwa na Mwalimu Veneranda, kwa sababu mgeni wa umri ule hawezi kupita Iringa hajasalimiana na wazee wa nyumba, na wazee wa nyumba ni wazazi wake, Bibi Tekla na Babu Aroni. Njia nzima kuanzia Mafinga alikuwa anamwelekeza Marjeta kwa Kiingereza chake cha ualimu: ukifika, utasalimiwa *kamwene*, utajibu *kamwene*, ni Kihehe, rahisi kabisa. Marjeta alirudia mara nyingi. Kamwene. Kamwene.

Bibi Tekla alikuwa mlangoni anawangoja, mfupi, mpana, kitenge kimefungwa kifuani. Babu Aroni, mzee wa kanisa, alikuwa kavaa koti la Jumapili japo ni Ijumaa.

"Kamwene!" alisema Bibi Tekla.

Na mtu akishikwa na wasiwasi si anakimbilia kile alichozoea? Kihehe chote kikapeperuka.

"Niaje!" alisema Marjeta. "Mambo vipi mwanangu, freshi?"

Mwalimu Veneranda alijifunika uso na kitenge. Babu Aroni alivua kofia, sijui kwa salamu au kwa msiba. Paskalina alifumba macho.

Bibi Tekla alimtazama mgeni kuanzia mvi mpaka raba za kijani. Akatazama tena kurudi juu.

"Freshi," akajibu. "Freshi kabisa. Huyu kafundishwa na nani?"

Macho yote yakamgeukia Paskalina. Halafu Bibi Tekla akacheka. Akicheka Bibi Tekla anatetemeka wote, kuanzia tumboni, na akamshika Marjeta mkono akamwingiza jikoni, si sebuleni, jikoni kwenye moto, maana Igowole baridi haina adabu.

"Una miaka mingapi wewe?"

"Sitini na tisa."

"Ehee! Mdogo wangu. Mimi sabini na nne. Haya, niamkie. Sema shikamoo."

"Shikamoo," alisema Marjeta.

"Marahaba! Umeona? Haiumi."

Marjeta akamgeukia Paskalina. "Hii ndiyo unayonipa kila asubuhi?"

"Ndiyo, bibi."

"Na najibu *marahaba*? Mimi nasema *poa* siku nne!"

"Tulinyamaza tu," alisema Mwalimu Veneranda kwa uchungu. "Tungemsahihishaje mtu mzima?"

Chai ikaja, na mahindi ya kuchemsha. Paskalina akachukua jagi na beseni, akapiga magoti mbele ya Marjeta, macho chini, akamwagia maji. Bibi Tekla alikuwa anaangalia, mahindi mdomoni. Akaacha kutafuna.

"We mke mwenza," alisema. "Unaumwa?"

Huko kwao, kama kwa wengi, mjukuu wa kike ni mke mwenza wa bibi yake. Babu ni mume wao wote wawili, na wanamgombania toka mtoto anaanza kuongea.

"Siumwi, bibi."

"Mbona umejikunja kama umekuja kuposwa? Umeingia hapa hujanitukana hata kidogo. Juzi tu kanipigia simu huyu," alimwambia Marjeta, "kuniambia nimezeeka mpaka sauti ina mikunjo! Leo kaja bubu."

"Mama, ni heshima," alisema Mwalimu Veneranda. "Nimemwambia mimi. Mgeni ni mtu mzima, na huyu alikuwa anamwandikia kama mtoto mwenzake, mwaka mzima hajamwamkia..."

"Mtu mzima wa namna gani?"

"Mama, si unamwona?"

"Namwona. Ana mvi kuliko mimi. Veneranda, angekuwa umri wako wewe, ningesema huyu mtoto apige magoti mpaka yaote sugu. Wewe ni mama, akuogope, ndiyo kazi yako, na wewe uliniogopa mimi. Lakini huyu si umri wako! Huyu ni umri wangu. Huyu ni bibi. Sasa bibi anafanywa hivi?" Alionyesha jagi, beseni, magoti. "Bibi anaamkiwa asubuhi, basi, imetosha, baada ya hapo mnataniana mpaka jioni. Habari zake za wavulana anamwambia nani, wewe? Ananiambia mimi. Huyo Adrian mimi namjua tangu mwezi wa tatu."

"Adrian yupi?" alisema Mwalimu Veneranda.

"Mkufunzi," alisema Bibi Tekla, bila kupepesa. "Wa chuo."

Paskalina aliinua macho kwa mara ya kwanza tangu Songwe. Ni kama mtu kafungua dirisha. Hakuwahi kufikiria upande huo. Alichokiona kwa Marjeta ni utu uzima tu, ukuta. Hakukumbuka kwamba watu wazima wana ngazi, na kwamba ile ya juu kabisa ndiyo yake tangu amezaliwa, ndiyo anayoikalia akiwa na siri, ndiyo anayoitukana akiwa na furaha.

"Wanasema nini?" Marjeta aliuliza. "Wanasema haraka."

"Wanasema..." Paskalina aliweka jagi chini. "Wanasema wewe pia ni mke wa babu."

"Wa tatu!" alisema Bibi Tekla. "Aroni, umesikia? Kakufuata kwa ndege."

"Jamani, mimi ni mzee wa kanisa," alisema Babu Aroni kutoka kwenye kigoda chake. Akafikiri. "Lakini huyu wa ndege ndo aanze na kuni. Hawa wawili nilionao ni wavivu."

Paskalina akatafsiri yote. Marjeta akamgeukia Babu Aroni, akampima kuanzia kofia mpaka viatu, bila haraka, kama mtu anayechagua mbuzi mnadani.

"Ana pikipiki?"

"Hana."

"Basi nitafikiri."

Hapo hata Mwalimu Veneranda alicheka, akaficha kwa kukohoa.

Viazi vikaletwa vimenywe kwa chakula cha mchana, na Marjeta akakataa kukaa bure, akapewa kisu. Wakakaa duara: bibi, mama, binti, mgeni. Paskalina alikuwa anamenya huku anamchungulia. Kuambiwa unaweza ni jambo moja. Kufungua mdomo ni jingine, na mama yako yuko pembeni ana kisu. Na kesho ni Jumamosi.

"Marjeta," alisema.

Jina lilitoka limepinda, lakini lilitoka. Kisu cha Mwalimu Veneranda kikasimama.

"Hivyo unavyomenya viazi," Paskalina alisema, "leo tutakula nini? Maganda?"

Moto ukapasuka jikoni. Marjeta aliangalia kiazi chake, ambacho kwa kweli kilibaki na ukubwa wa gololi. Akaweka kisu chini taratibu. Mdomo wake ukawa unacheza.

"Kaa kimya, mke mdogo," alisema. "Mimi nimekuja kwa ndege."

Bibi Tekla alipiga paja lake kofi mpaka kuku akakimbia. Paskalina alicheka, mdomo wazi, meno yote nje, na Marjeta alicheka naye, na ilikuwa ndiyo mara ya kwanza wanacheka pamoja. Mwaka mzima kila mmoja alikuwa anachekea kwake. Cheko la Marjeta lilikuwa zito na la kukoroma. La Paskalina ni lile la kupanda ngazi. Walisikilizana wakazidi kucheka, na kila mmoja akitaka kusema kitu anaona mdomo wa mwenzake anaanza upya.

"Haya, toka, toka!" Bibi Tekla aliwapa kikapu. "Mkalete mboga shambani. Mnanimwagia machozi kwenye viazi."

"Mimi niwasaidie?" Mwalimu Veneranda aliuliza akiinuka.

"Wewe kaa. Hiyo si safari ya mama."

Walishuka bondeni nyuma ya nyumba, njia nyembamba katikati ya mahindi, Marjeta akishika bega la Paskalina kwa sababu ya goti, na Paskalina akimwambia kwamba kwa goti hilo ile timu ya mpira ilikuwa na hasara. Wakafika kwenye mboga za maboga, wakaweka kikapu chini, wakakisahau.

"Adrian," alisema Marjeta. "Sema yote. Usiache."

Na Paskalina akasema, hakuacha. Kwamba Adrian karudi kutoka Dodoma, kwamba kamwomba msamaha, kwamba kaja na zawadi ya mkoba mbaya hujawahi kuona, na kwamba yeye kaupokea mkoba na msamaha bado anaufikiria. Marjeta alisikiliza akitoa hukumu kila sentensi, mkoba akauhukumu peke yake. Maneno ya siku nne yakamwagika, Kiingereza, Kiswahili, mikono.

Alipopumua kidogo, Marjeta alisafisha koo.

"Jumamosi siondoki," alisema.

"Ungethubutu! Ningekufungia na mbuzi wa babu."

"Na mimi nina habari." Alishika jani la boga akalikunja, akalikunjua. Mashavu yakawa mekundu mpaka masikio. "Sikuandika. Nilitaka kukuambia kwa mdomo. Kuna mtu."

Paskalina alipiga yowe ambalo Babu Aroni alilisikia mpaka kwenye kigoda chake. "Mtu! Mtu gani? Mwanaume? Siyo mbwa?"

"Si mbwa! Anaoka mikate. Mlango wa tatu kutoka kwangu. Kila asubuhi naenda kununua mkate mmoja. Sasa nanunua miwili. Mmoja anakula Bruno."

"Marjeta! Anaitwa nani? Ana umri gani? Kaoa? Alishaoa? Watoto wangapi? Anasali wapi? Ana meno?"

"Mengi," alisema Marjeta. "Ya kwake."

"Kaa chini," alisema Paskalina, akatandika kanga yake kwenye nyasi pembeni ya maboga, akamvuta mkono akamkalisha, akakaa naye goti kwa goti. "Kaa chini unielezee. Anza siku ya kwanza. Ulivaa nini?"

Huko juu nyumbani Mwalimu Veneranda alikuwa anaita. Mboga ziko wapi? Viazi vinaiva! Aliita mara ya pili, kwa sauti ile ya darasa la tatu, ikashuka mpaka bondeni.

"Sweta la bluu," alisema Marjeta.

"Lile lenye maua ulilonisimulia kwenye barua? Ah-ah! Haya, endelea."